Shangazi, uchungu si wa dagaa: barua ya wazi kutoka Kirumba, Mwanza

Shangazi, shikamoo.

Juzi kwenye simu ulisema dagaa wa Mwanza ni wachungu, wamejaa mchanga, na kwamba huko Tanga wanaowanunua ni wafuga kuku. Sikujibu palepale. Mkubwa hakatizwi, na jibu lenyewe ni refu. Naliandika hapa mbele ya watu wote kwa sababu maneno hayo si yako peke yako. Dar wanayasema, Dodoma wanayasema, na hata hapa Mwanza wapo wanaowapita dagaa sokoni wakaenda kupanga foleni ya sato.

Kwanza nikupe haki yako. Dagaa wa kuku wapo. Ni mzigo ulionyeshewa ukiwa bado mbichi, ukalala na unyevu, ukaja kukauka siku ya tatu ukiwa na rangi ya kahawia. Huo huuzwa kwa bei ya chini kwa wanaosaga chakula cha mifugo, na ni sawa kabisa uende huko. Tatizo ni pale muuzaji wa mbali anapouchanganya na mzigo mzuri ili gunia lijae. Ukila mchanganyiko huo utasema ulichosema, na hakuna atakayekulaumu. Ninachokataa ni kumbebesha samaki kosa la mwanikaji.

Wewe umezoea dagaa wa baharini. Wale huchemshwa kwanza kwenye maji ya chumvi, ndipo waanikwe. Wakifika jikoni kwako wamekwisha kuiva nusu, wana chumvi, na nyama yao imekaza. Dagaa wa Ziwa Victoria hapiti njia hiyo. Huanikwa mbichi, mzima, utumbo ukiwa ndani, bila chumvi. Hata ukoo ni tofauti. Dagaa wa Kigoma ni ndugu wa dagaa wako wa bahari, lakini wetu, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene, ni wa ukoo wa ningu na kuyu, samaki wa maji baridi. Kwa hiyo ukimpika kwa mazoea ya Tanga atakuangusha, na kama aliyemwanika alifanya uzembe, hakuna chumvi iliyomlinda njiani.

Huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri zinazochajiwa kwa jua. Mwanga huvuta wadudu wadogo wa majini, dagaa wanawafuata, wavu unawazunguka. Ndiyo maana wavuvi huhesabu mwezi. Siku za giza mzigo ni mwingi, lakini mbalamwezi ikitanda taa haina nguvu tena na mitumbwi mingi hulala nchi kavu. Mzigo hufika ufukweni alfajiri, na kuanzia hapo ni mbio. Dagaa ana mwili mdogo na tumbo laini, hana uwezo wa kusubiri kama sangara anayekaa kwenye barafu. Jua likishapanda anatakiwa awe ametandazwa, tena kwa wepesi, si marundo.

Anatandazwa wapi? Hapo ndipo penye kesi yote. Dagaa mbichi ana ute. Ukimmwaga juu ya mchanga, ute ule hushika punje za mchanga, kisha jua linamkausha na punje zikiwa zimeng'ang'ania ngozini na kwenye matamvua. Mchanga wa namna hiyo hautoki kwa kusuuza mara moja. Akianikwa kwenye chanja, yaani fremu ya miti iliyofika usawa wa kiuno na kutandikwa wavu chakavu, maji hudondoka chini, upepo unapita chini na juu, na siku ya jua kali hukauka haraka akiwa bado anang'aa kama fedha. Na mvua ikitishia, mwenye chanja anafunika turubai. Mwenye mchanga anabaki kukusanya kwa fagio.

Uchungu nao una vyanzo viwili, na ni vizuri kuvitenganisha. Wa kwanza ni nyongo na utumbo. Dagaa aliyechelewa kukauka tumbo lake hupasuka, nyongo ikaenea nyamani. Wa pili ni mafuta. Dagaa wa ziwa ana mafuta kuliko udogo wake unavyoonyesha, na mafuta hayo yakikaa na unyevu, joto na hewa huharibika, yakatoa ladha kali inayokwaruza koo. Uchungu wa nyongo unaweza kuupunguza kwa kutoa vichwa na matumbo. Uchungu wa mafuta yaliyoharibika hautoki kwa limau, wala kwa tangawizi, wala kwa binzari. Ukikutana nao, usihangaike, wape kuku kweli.

Basi sokoni usinunue kwa kuangalia gunia kwa juu. Omba kuingiza mkono hadi katikati, toa konzi moja, uiweke kwenye karatasi nyeupe au kwenye kiganja cha mkono wa pili. Tikisa kidogo, kisha inua dagaa uwarudishe. Kilichobaki kwenye karatasi ndicho utakachokula. Vumbi la magamba ni jambo la kawaida, lakini punje zinazokwaruza ukizisugua kwa kidole ni mchanga. Halafu chukua mmoja umvunje katikati. Aliyekauka vizuri anakatika kwa mlio. Anayepinda kama uzi wa kiatu bado ana maji ndani, na ukimfunga kwenye mfuko atavunda kabla ya Ijumaa. Angalia tumbo: likiwa la fedha au kijivu chepesi ni salama, likiwa la njano iliyokolea au kahawia mafuta yameshaharibika. Mwisho nusa. Harufu ya samaki ni sawa, hata ikiwa kali. Harufu ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa wiki mbili si sawa.

Muulize pia muuzaji, "Hawa ni wa chanja au wa mchanga?" Hapa soko la Mwaloni, Kirumba, wanakojaa wanunuzi kutoka mikoani na kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, swali hilo wanalielewa mara moja, na bei hubadilika kufuatana na jibu. Wa chanja ni ghali zaidi. Lipa, Shangazi. Wa mchanga unaonunua kwa bei nafuu utamlipia kwa maji, kwa muda, na kwa meno.

Sasa jikoni. Chukua vikombe viwili vya dagaa wakavu, vinawatosha watu wanne kwa ugali. Watu wengi huanza kwa kuwaosha, na hapo ndipo wanapoharibu, kwa sababu dagaa akilowa anashika mchanga upya. Anza na moto. Weka sufuria kavu jikoni, moto wa wastani, mimina dagaa bila mafuta, geuza kwa mwiko bila kuacha kwa dakika nne au tano. Utasikia wanaanza kugongana kama kokoto ndogo, na harufu itageuka kutoka ya ziwa kuwa ya kitu kilichochomwa. Waepue kabla hawajabadilika rangi. Kisha wamwage kwenye ungo, wasugue taratibu kwa viganja, upepete. Magamba na nusu ya mchanga vitaondoka hapo hapo bila tone la maji.

Ndipo uoshe. Tumia beseni pana na maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia. Yanayochemka yatapasua matumbo na kumwaga uchungu wote ndani ya maji. Watie, wavuruge kwa vidole, waache dakika mbili mchanga utulie chini. Kisha wainue kwa mikono uwaweke kwenye chombo kingine. Narudia hili kwa sababu ndilo linalowashinda watu: wainue, usimwage maji kupitia chujio wao wakiwa ndani. Mchanga umeshatulia chini ya beseni, na ukimwaga unawamwagia tena mchanga ule ule uliowatoa. Baada ya kuwainua pitisha kidole kwenye sakafu ya beseni. Kikikwaruza, rudia. Wa chanja huwatosha mizunguko miwili. Wa mchanga wanaweza kwenda mitano. Usiwaloweke saa nzima, watavimba, watakatika vichwa, na utamu wote utabaki kwenye maji.

Kuhusu vichwa watu hubishana sana. Dagaa wadogo wa sentimita nne au tano walioanikwa vizuri, mimi siwatoi vichwa. Wakubwa kidogo, au wale usiowaamini, shika kichwa, vuta kuelekea chini upande wa tumbo, utumbo utakuja nacho. Ni kazi ya nusu saa kwa vikombe viwili. Mifupa iache, hiyo ndiyo inayowapa watoto madini ya kujenga mifupa yao.

Waache wachuje maji kabisa kabla ya mafuta, la sivyo yatarukia mikono. Vijiko vinne vikubwa vya mafuta ya alizeti, moto wa wastani, kaanga dakika tano hadi saba hadi ukigeuza wasikike wakavu tena. Rangi unayoitaka ni ya asali. Wakifika rangi ya kahawa umewaunguza, na uchungu huo umeutengeneza mwenyewe. Watoe pembeni.

Katika mafuta yaliyobaki tia vitunguu maji viwili vilivyokatwa vyembamba, vikilainika tia punje tatu za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, vyote vimepondwa. Halafu nyanya nne zilizoiva. Hapa kuwa na subira. Nyanya zikaangwe mpaka maji yake yakauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Nyanya mbichi na dagaa ni mchanganyiko wa ajabu, uchachu wake huchokoza kila uchungu mdogo uliobaki. Chumvi weka nusu kijiko cha chai, uonje, uongeze, kwani tofauti na dagaa wako wa bahari, huyu hakuja na chumvi yake. Rudisha dagaa, robo kikombe cha maji ya moto, pilipili hoho iliyokatwa, usifunike, dakika tano tu. Kamulia nusu limau ukishaepua. Binzari usiweke. Inaficha harufu nzuri uliyoihangaikia tangu kwenye sufuria kavu.

Najua utauliza kuhusu nazi. Dagaa wa ziwa na tui wanapatana, ilimradi usifanye kama unavyofanya kwa changu. Usiwachemshe kwenye tui jepesi muda mrefu, watageuka uji. Pika rosti kama nilivyosema, acha iwe kavu, kisha tia tui zito kikombe kimoja, koroga taratibu kuelekea upande mmoja, na likianza kutokota hesabu dakika tatu uepue.

Huku ziwani tunapenda karanga. Vijiko vinne vikubwa vya karanga zilizokaangwa na kusagwa, uzikoroge kwanza pembeni na kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu hadi zisiwe na mabonge, ndipo umimine kwenye rosti. Punguza moto, usiondoke, zinashika chini haraka sana. Dakika kumi. Mwiko ukiacha njia inayojifunga polepole, zimeiva. Kula na ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa. Uchachu wake mdogo na mafuta ya karanga vimeumbwa pamoja, na sembe nyeupe haifiki hapo.

Mzigo wako nitautuma kwa basi katika siku za giza zijazo, kilo tatu, wa chanja. Nitauweka kwenye boksi gumu na si kwenye kiroba, kwa sababu kiroba kikirundikiwa mizigo dagaa hufika wamekuwa unga. Ukifika, ufungue siku hiyo hiyo, kwani njiani hutoa jasho. Waanike juani saa mbili au tatu juu ya mkeka, waache wapoe kivulini, ndipo uwatie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana. Ukiwafungia wakiwa bado na joto la jua, mfuniko utatoa jasho na ukungu utaanza juu. Hewa ya Tanga ina unyevu kuliko yetu, hivyo kila baada ya wiki mbili watoe tena juani. Na ndoo hiyo usiiweke stoo moja na mahindi yaliyotiwa dawa ya wadudu.

Ukipika mara ya kwanza, nipigie kabla hujatia nyanya.