Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Manunuzi: Irudishe (−)-JQ1 kwenye Oda

Ndugu Mkurugenzi,

Kwa heshima zote: oda ya kampaundi iliyofika juzi, kwa mara ya tatu sasa, haina (−)-JQ1, pacha wa kioo wa (+)-JQ1, kampaundi tunayotumia kuzuia protini ya BRD4. Kwenye fomu mstari wake umekatwa, pembeni pameandikwa "imerudiwa". Tunadhani aliyekata aliona fomula ni ileile, C23H25ClN4O2S, na uzito uleule, gramu 457 kwa moli. Kweli vinalingana. Lakini hizi ni kama mkono wa kulia na wa kushoto. (+)-JQ1 hukaa kwenye mfuko wa BRD4, protini inayotambua laisini (aina ya asidi amino) zilizotiwa asetili kwenye histoni, protini zinazozungushiwa DNA. (−)-JQ1 haikai.

Ndiyo maana tunaihitaji! Tukizipa seli (+)-JQ1 na MYC (jeni inayochochea seli kukua) ikashuka, bado hatujui kama BRD4 imezuiwa au seli zimepata sumu tu. Kinachoamua ni kisima cha pili (kitundu kingine cha sahani ya seli), chenye (−)-JQ1 kwa kiwango kilekile. MYC ikishuka na huko, si kazi ya BRD4, na wiki nzima ya kazi inatupwa. Kisima cha DMSO pekee, yaani kiyeyushi tunachoyeyushia kampaundi, hakitoshi: kinapima kiyeyushi, hakipimi molekuli.

Ulituahidi kikaoni kwamba hakitakatwa kitu bila sisi kuulizwa. Tumekumbusha kwa maandishi mara mbili. Hatukuulizwa.

Kama sababu ni fedha, hesabu ni hii. Miligramu 5 kwenye mililita 1.09 ya DMSO hutoa myeyusho wa milimola 10. Tunaugawa mikrolita 20 kila kijichupa, nyuzi −20, kwa sababu DMSO hunyonya unyevu, na kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huifanya kampaundi ijitenge chini. Siku ya jaribio tunapunguza hadi milimola 0.5, kisha 1 kwa 1,000: seli zinapata mikromola 0.5 na DMSO asilimia 0.1. Kisima cha mililita 2 hutumia nanomoli 1 tu. Chupa moja ina karibu nanomoli 10,900.

Tunaomba jambo moja. Ziagizwe zote mbili, pamoja na cheti cha usafi wa kila upande, maana (−) iliyochanganyika na (+) kidogo itaonekana inafanya kazi na kutupotosha. Kwenye fomu mpya, (+)-JQ1 ni mstari wa 7, (−)-JQ1 ni wa 8. Tafadhali, wa 8 usikatwe.

Wako,
Wafanyakazi wa maabara ya seli