Hizo lenzi mbili, usilipie kwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, pamoja na picha ulizotumiwa na wauzaji za hizo lenzi mbili za kuvuta mbali, unazozitaka kwa mpira wa kijana wako na kwa ndege. Kwa kuwa umesema unataka kulipa wiki hii hii, acha nianze na jibu lenyewe: usichukue hata moja. Si kwamba ni mbovu. Mtu mwenye kamera nyingine ningemwambia anunue. Ila kwa kamera yako, Nikon D3200, zote mbili zitakutesa, na kila moja kwa namna yake.

Tuanze na ile ya bei ya chini, iliyoandikwa AF 70-300mm f/4-5.6G (milimita ni kiasi inavyovuta mbali, f ni ukubwa wa tundu la mwanga: namba ndogo, tundu kubwa). Hiyo haina ndani yake mota ya fokasi, yaani ya kulenga ili picha iwe safi. Ilitengenezwa itegemee mota iliyo kwenye bodi ya kamera, ambayo huzungusha kijiti kidogo cha chuma kinachochomeka kwenye kitako cha lenzi. Kamera ndogo za Nikon, yaani ukoo wa D3000 na ule wa D5000, hazikuwekewa mota hiyo. Toa lenzi uliyonayo uangalie ile pete ya chuma kwenye kamera, kijiti hukioni. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "itaingia bila shida" hasemi uongo. Itaingia, itapima mwanga, itapiga picha, lakini fokasi utazungusha mwenyewe kwa mkono, huku unachungulia kinukta cha kijani pembeni kikuambie umepatia. Kwa ua lililotulia ni sawa. Kwa kijana wako anayekimbia na mpira, utaambulia nyasi zilizo safi na mtoto aliyefifia.

Ya pili, AF-P DX 70-300mm VR, ndiyo inayouma zaidi kwa sababu ni lenzi nzuri kweli: nyepesi, kimya, na fokasi yake ni ya haraka. Lakini ilitoka mwaka 2016, na kamera yako ni ya 2012. Mota yake ni ya aina mpya ambayo D3200 haiwezi kuiendesha. Na hapa hata mkono haukuokoi, maana pete ya fokasi kwenye lenzi za AF-P haijaunganishwa na vioo kwa meno. Inatuma tu amri kwa mota, na mota yenyewe haisikii kamera. Utabaki na picha yenye ukungu bila njia ya kuitoa. Yule jamaa aliyekusifia lenzi hii ana D3400, ndiyo maana kwake inafanya kazi vizuri. Nikon walikuja kuzitolea baadhi ya kamera programu mpya ya ndani ili zielewane na lenzi hizo, lakini D3200 haimo.

Kwa hiyo herufi unazozitafuta wewe ni AF-S. Hizo lenzi zina mota ndani na kamera yako inazijua. Baada ya AF-S, tafuta VR, yaani kituliza mtikisiko. Hapo usikubali kupunguziwa bei ukaiacha.

Nikueleze kwa nini nakaza. Sensa ya kamera yako, yaani kile kibamba kinachopokea picha, ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, hivyo milimita 300 kwako zinaona upana uleule ambao 450 zingeuona kwenye filamu. Kadiri unavyovuta mbali ndivyo mkono unavyoonekana kutetemeka. Kanuni ya kale inasema kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, isiwe ya polepole kuliko sekunde moja ikigawanywa kwa hizo milimita, kwako ni kama 1/500 ya sekunde. Jua likiwa kali unaipata kasi hiyo bila jasho. Jioni, au chini ya mti, huipati, na hapo VR inakuruhusu ushuke hadi 1/125 au hata chini ya hapo na ndege aliyetulia tawini bado akatoka na manyoya yake yote.

Nimesema aliyetulia. VR inatuliza mkono wako tu, mtoto anayekimbia haimtulizi. Kwa mpira bado utahitaji 1/500 na kwenda juu, hata ukiwa na lenzi ya gharama gani. Ukishafika 1/1000 VR haikusaidii sana kwenye picha yenyewe, ingawa mimi huiacha ikiwa imewashwa kwa sababu unachokiona kwenye kitundu cha kuchungulia kinatulia, na kile kisanduku cha fokasi hakirukiruki kutoka kifuani kwa mchezaji kwenda kwenye uzio.

Uliuliza kuhusu zile kubwa za f/2.8. Zinaingiza mwanga mara nne ya f/5.6, ni kweli. Lakini 70-200mm za aina hiyo zina uzito wa kama kilo moja na nusu, na bei yake haimo kwenye barua hii. Panda ISO, yaani wepesi wa sensa kwa mwanga, hadi 800 au 1600, kubali chembechembe kidogo, maisha yaendelee.

Sasa swali lako kubwa: milimita 200 au 300? Watu wengi hununua namba. Hebu piga hesabu kidogo. D3200 inatoa picha ya megapikseli 24. Ukipiga kwa milimita 200 halafu ukaikata ibaki sehemu ambayo 300 ingeiona, unabakiwa na megapikseli kama 10 na nusu. Picha ya ukubwa wa A4 iliyochapwa vizuri inahitaji kama 9. Maana yake 200 haikunyimi picha, inakunyima tu nafasi ya kukata zaidi. Kwa mpira wa watoto, ambapo unaruhusiwa kusimama pembeni ya uwanja, 200 inatosha mara nyingi. Kwa ndege haitoshi, na nikuambie ukweli, hata 300 haitoshi. Ndege ni suala la kujua kusogea taratibu.

Ningekuwa na kamera yako ningechagua hivi. Mfuko ukiwa mdogo kabisa, AF-S DX 55-200mm VR II. Ina gramu 300 tu, inajikunja ukiwa huitumii, na filta yake ni ya milimita 52, sawa na ile lenzi ndogo ya 18-55 iliyokuja na kamera, kwa hiyo filta ulizonazo zinahamia. Ukiweza kuongeza kidogo na hujali kitu kilichotumika, tafuta AF-S 70-300mm f/4.5-5.6G VR, ile iliyotoka 2006. Nasisitiza AF-S na VR, maana jina lake linafanana mno na ile ya kwanza uliyoonyeshwa. Ina gramu 745, yaani inaizidi kamera yenyewe uzito, lakini fokasi yake inawahi na ilitengenezwa kwa sensa kubwa, hivyo wewe unatumia sehemu ya katikati ya kioo, ambako ndiko kuna ubora. Kwenye 300 picha inalainika kidogo. Funga tundu la mwanga hadi f/8 itakaa sawa. Iko pia 55-300mm VR. Picha zake si mbaya, ila fokasi inajivuta, na wewe mwenye mchezo wa mpira utaichukia.

Ukienda kuiona ya mkono wa pili, nenda na kamera yako na kadi yako. Mulika tochi ndani ya lenzi kutoka nyuma: vumbi kidogo si tatizo, lakini ukiona nyuzinyuzi kama za buibui hiyo ni kuvu, rudisha. Bonyeza batani ya kupigia nusu ukiwa umevuta hadi 300. Picha kwenye kitundu inatakiwa itulie ghafla. Isipotulia, VR imezimwa au imekufa. Kisha bandika ukurasa wa gazeti ukutani, piga ukiwa umesimama mbele yake sawasawa, ukuze kwenye skrini ulinganishe herufi za kushoto na za kulia. Upande mmoja ukiwa safi na mwingine umefifia, lenzi hiyo huenda iliwahi kuanguka, hata kama nje inang'aa.

Ukipata yoyote, nitumie picha ya ile pete yenye maandishi kabla hujatoa pesa. Hizo herufi ndogo ndizo ninazotaka kuzisoma, maneno ya muuzaji wala siyahitaji. Na huyo mshambuliaji wako mpe salamu, mwambie naisubiri picha ya goli.

Wako daima,
Rafiki yako