Kaka, kabla hujamfungashia mkweo virago

Kaka,

Ujumbe wako wa sauti wa dakika saba nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili na karanga mkononi. Nimekuelewa. Baba mkwe alikuja kutibiwa macho, wiki mbili tu, na huu sasa ni mwezi wa tano. Kiti chako cha dirishani amekitwaa. Rimoti analala nayo. Taarifa ya habari ikianza tu, anauliza mbona mchele wa siku hizi una mawe, kana kwamba umeyatia wewe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mkwe hupewa nini, hawakusema.

Wewe ulitaka ushauri, mimi nakuletea kichekesho cha runinga cha Australia cha mwaka 1966. Vumilia kidogo.

Kinaitwa My Name's McGooley, What's Yours?, yaani jina langu McGooley, wewe waitwa nani? Mtunzi wake ni Ralph Peterson, na kilitengenezwa na kituo cha ATN-7 cha Sydney. Nyumba yao iko Balmain, mtaa wa kando ya bandari. Enzi hizo palikuwa pa makuli na mafundi wa meli. Leo hata kijumba cha vyumba viwili huko ni cha mwenye mali. Ndani wamo watatu: Wally Stiller, mkewe Rita, na baba yake Rita, mzee Dominic McGooley, ambaye anakula pensheni yake na hana dalili ya kuondoka. Basi. Mzee anachokoza, Wally anafoka, mzee anachokoza tena. Wakaenda hivyo vipindi 88.

Uingereza mwaka uleule walikuwa na kichekesho chao ambamo kijana ndiye anayeishi kwa baba mkwe. Huko mzee akifoka unamwelewa, nyumba ni yake. Huyu McGooley anafoka ndani ya nyumba ya watu! Ndiyo maana nilikukumbuka.

Ujue pia Waaustralia walikuwa na kiu ya kitu kama hiki. Runinga ya kila siku iliwafikia Septemba 1956, na kwa miaka mingi wakawa wanatazama farasi na bastola za Marekani. Mwaka 1963 kamati ya Seneti yao ilisema asilimia 97 ya tamthilia zilizokuwa zikirushwa zimetoka Marekani. Fikiria umekaa sebuleni kwako miaka kumi, hakuna hata mmoja kwenye kioo anayeongea kama jirani yako. Halafu anatokea Wally, na lafudhi ileile ya baa ya pale chini, analalamikia mkwewe. Watu waliachia vikombe.

Sasa nikuchekeshe. Yule mzee hakuwa mzee, wala hakuwa mzaliwa wa kule. Gordon Chater, aliyemcheza, alizaliwa London, na kichekesho kilipoanza alikuwa na miaka 44. John Meillon aliyecheza Wally alipishana naye miaka kumi na miwili tu. Ni kama Mzee Ojwang, mchekeshaji wetu wa runinga, Mkikuyu aliyetuvunja mbavu kwa Kiswahili cha Kijaluo. Na Meillon unamjua: ndiye yule rafiki na mshirika wa jamaa wa Crocodile Dundee, filamu tuliyoilipia kiingilio kwenye video ya mtaani. Humo nako jina lake Wally.

Lakini mimi niliyemwangalia zaidi ni Rita. Judi Farr ndiye aliyemcheza. Wanaume wawili wanarushiana maneno, na yote yanapitia kwake. Akimtetea baba, mume ananuna. Akimtetea mume, baba anakumbusha nani alimlea. Miaka ya themanini walimpa tena nafasi ya mke, katika kichekesho kingine, safari hii mume wake akiwa mpayukaji kuliko Wally. Maskini.

Katika dakika zako saba, kaka, shemeji umemtaja mara moja, uliposema chai ilichelewa.

Mwaka 1968 Chater alijitoa. Wenye kipindi wakaona si neno, mume na mke wapo, wakakibadilisha jina kikawa Rita and Wally. Hakikudumu. Nyumba ile ikapata nafasi waliyokuwa wakiililia, na hapakuwa na la kuchekesha tena. Wewe mwenyewe dakika zote saba ulizungumza kwa raha ambayo sijaisikia kwako tangu ulipoacha kazi.

Kamwulize shemeji anataka nini, ukiwa jikoni, si mbele ya mzee. Rimoti nunua ya pili, haizidi mia tano. Hiyo ya kwanza mwachie nayo alale.

Wako,
mdogo wako