Mume wangu anasema mimi ndiye ninayetupunguzia

Shikamoo Shangazi,

Ni saa tisa na nusu usiku. Mzee amelala, mimi nimekaa jikoni na simu. Saa kumi na moja natakiwa nitoke nikafagie maofisi, kwa hiyo nisamehe nikiruka ruka. Sijalala vizuri tangu Jumapili.

Jumapili alikuwa anaongea na mdogo wake wa Tanga, spika imewashwa, mimi napakua chakula. Mdogo wake akauliza mbona mwezi huu kimya. Mzee akajibu, "Shemeji yako ndiye anayetupunguzia." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemeza, maana mtu akikasirika husema chochote. Alisema kama anayetaja bei ya sukari.

Jambo lenyewe ni Universal Credit, benefiti ya serikali ya huku kwa wenye kipato kidogo. Tarehe 20 huwa inatuingia pauni 454. Safari hii imeingia sifuri. Sifuri, Shangazi, na kodi ya nyumba ni 650.

Kisa ni marejesho ya kodi ya mapato. Mwaka jana nilikuwa na kazi mbili, hii ya alfajiri na nyingine jikoni kwenye nyumba ya wazee. Ile ya pili walinikata asilimia 20 tangu pauni ya kwanza, kwa sababu zile 12,570 ambazo mtu hakatwi kwa mwaka zilikuwa zimewekwa kwenye kazi ya kwanza. Ukijumlisha zote mbili sikufika hata 11,000. Mwaka wa kodi ulipoisha Aprili 2025 watu wa kodi wakapiga hesabu, wakaniandikia kwamba nilikatwa kimakosa, wakanirudishia 860. Jasho langu la mwaka jana lile, magoti yangu haya. Si zawadi, si mshahara mpya.

Siku ya pili yake nikaandika kwenye akaunti yetu ya mtandaoni ya Universal Credit kwamba nimepokea. Niliandika mwenyewe. Sasa Mzee ananiuliza, nani alikutuma useme? Shangazi, hao wa kodi na hao wa benefiti si wanaoneana? Na hata kama wasingeona, mimi sikulelewa hivyo. Nimekaa nchi hii miaka 22 sijaficha hata senti. Sasa ukweli wangu ndio umekuwa kosa la nyumba.

Nilikwenda kwenye ofisi ya ushauri. Yupo kijana mmoja pale, mpole, akachukua kalamu akaniandikia. Marejesho ya kodi ya kazi wanayahesabu kama mshahara wa mwezi yalipoingia. Na mwezi wao si wa kalenda, wetu unaanza tarehe 14 unaishia 13. Kila pauni ya mshahara wanakata peni 55. Kwa hiyo ile 860 ilitakiwa iondoke na 473, na sisi tulikuwa na 454 tu, ikaisha yote. Akaniambia kitu kingine ambacho sikutaka kukisikia: mwaka jana nilipokatwa kodi, mshahara uliofika mkononi ulikuwa mdogo, na wao wanahesabu ule uliofika mkononi, kwa hiyo benefiti ilikuwa inakuja kubwa kidogo kila mwezi. Sasa wamechukua chao. Nimeitazama hesabu ile mara tatu, inakaa. Siwezi kusema nimeibiwa. Lakini ile nyongeza ya mwaka jana iliingia kidogo kidogo, ikaliwa na umeme na mkate, hakuna aliyeniambia niiweke kando. Wamekuja kuidai kwa siku moja.

Sasa nikuulize, nani anampunguzia nani? Mshahara wangu ni 520. Wanakata 286, tunabakiwa na 234. Pensheni za Mzee, ile ya serikali isiyotimia kwa kuwa tulikuja tukiwa watu wazima, na ile ndogo ya kiwanda cha mikate, zote pamoja ni 538 kwa mwezi. Hizo hazikatwi peni 55. Zinakatwa pauni kwa pauni, 538 zote. Yaani kikokotoo cha huku kwenye pensheni yake hakituachii hata peni moja ya faida, kwenye jasho langu kinatuachia. Sijawahi kumwambia hivyo. Siwezi kumwambia mwanamume aliyesimama mbele ya tanuri usiku miaka 17 kwamba pensheni yake haituongezei kitu. Yeye kaweza kuniambia mimi.

Halafu kuna suala la umri. Mzee ana miaka 68, mimi 57. Tangu tarehe 15 Mei 2019 ukitaka kuomba Pension Credit, ile nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo, lazima wote wawili muwe mmefika umri wa pensheni, na mimi nitafika nikiwa na 67. Angekuwa peke yake, kwa viwango vya mwaka 2025 wangemfikisha kwenye pauni 227 kwa wiki na kodi ya nyumba akasaidiwa. Kwa sababu yangu anahesabiwa pamoja na vijana kwenye Universal Credit, na mimi naitwa kila mara niulizwe kwa nini sitafuti saa zaidi. Hili ndilo analonipigia nalo. Nilipoolewa nina miaka 24 umri huo huo ulikuwa sifa.

Jirani yetu mmoja, mtu wa nyumbani, akamwambia Mzee tuandike tumeachana, mimi nitumie anwani ya binti yangu. Mzee alinyamaza. Hakukataa, Shangazi, alinyamaza. Huo ni wizi na mimi sitauandika. Usinishauri hivyo, na usinishauri kuondoka, sikuandika kwa ajili hiyo. Mume wangu nampenda. Ila usiku kama huu najiuliza, mtu akihama kweli, bila kudanganya, akakaa kwa binti yake, mwenziwe akapata haki yake na yeye akapumua, hiyo nayo ni kosa? Sisemi nitafanya.

Sasa Mzee anataka tuombe waitazame hesabu upya. Tuna mwezi mmoja tangu tarehe ya uamuzi, na siku zimebaki tisa. Kijana wa ushauri alisema haoni kitakachobadilika maana sheria iko wazi, lakini kama tunataka atusaidie tuende wote wawili, na twende na karatasi za benki za miezi mitatu.

Hapo ndipo ninaposhindwa kulala.

Marejesho yalipoingia nilimwambia Mzee nimemtumia mama 200 za dawa. Nilituma 600. Mama ana miaka 81, jicho la kulia lilikuwa limeshafungwa na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa linafuata. Ndugu zangu walikuwa wamesema wangoje mavuno. Nilituma siku ile ile, kabla sijajua kwamba ile pesa nusu yake si yangu. Ningejua ningetuma? Nimejiuliza sana. Nafikiri ningetuma. Amefanyiwa, na wiki iliyopita kwenye video alinitazama akaniambia nimekonda.

Mzee si mchoyo. Angeniruhusu, labda yote 600, kama ningemwomba. Sikuomba kwa sababu mwaka ule yeye alipotuma 1,000 za bati la nyumba ya kaka yake hakuniomba mimi, na mwezi ule mimi ndiye niliyelipa kodi ya nyumba kwa mshahara wa jikoni, na sikumwambia mtu yeyote kwenye simu kwamba anatupunguzia.

Kwa mwenye nyumba tunadaiwa sasa. Binti yangu ameahidi 300. Nyingine nitazipata kwa kubeba zamu za mwenzangu aliyeugua, ingawa najua mwezi ujao nazo zitahesabiwa, zitaacha peni 45 kwenye kila pauni.

Naomba uniambie, Shangazi. Nimwambie kuhusu zile 600 mwenyewe kabla ya kwenda kwa yule kijana, au niziache siku tisa zipite niseme nilisahau? Nikisema, atakuwa amepata ushahidi wa neno lake. Nikinyamaza, basi yale yote niliyokuandikia juu ya kutoficha senti sijui nimeyaandika ya nini.

Mzee amekohoa. Nakwenda kuweka maji ya chai.

Binti wa Pangani,
Leicester, Uingereza