Orodha yenu ya vipuri imeisahau skrini

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika safu hii ya barua. Jumamosi iliyopita mlichapisha orodha ya vipuri vya kuundia kompyuta ya gemu: prosesa ipi, kadi ya picha ipi, memori kiasi gani, pawasaplai ya wati ngapi. Niliisoma mara tatu, kalamu nyekundu mkononi kama enzi zangu za kusahihisha madaftari. Hakuna mahali mlipomuuliza msomaji skrini yake ina pikseli ngapi, yaani vile vidoti vinavyounda picha.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, nina miaka 64, na ninacheza gemu za mbio za magari. Anayecheka na acheke. Mjukuu wangu ndiye aliyeniingiza huko, na siku hizi ndiye anayelalamika kwamba Babu haachii kiti.

Kompyuta yetu tuliijenga kwa kufuata orodha kama hiyo yenu, ikasadifu kwamba skrini tuliyokuwa nayo iliifaa: inchi 24, pikseli 1920 kwa 1080. Gemu yangu ilitoa fremu 90, yaani picha 90, kwa sekunde bila taabu. Baadaye macho yakaanza kunisumbua, nikataka maandishi yanayosomeka vizuri, nikanunua skrini ya inchi 27 ya 4K, yenye pikseli nyingi zaidi. Nikaichomeka, nikakanyaga mafuta. Kufika kona ya kwanza gari likawa linakwenda kwa kurukaruka, na mimi nikajikuta ukutani. Fremu 26.

Nikarudi kwa aliyeniuzia vipuri. Hakuniuliza nimebadilisha nini nyumbani. Alisema tu kwamba prosesa imezeeka. Basi nikanunua mpya, na madabodi mpya juu yake (ile bodi kuu inayobeba vipuri), maana ya zamani haikuikubali. Nikafunga mwenyewe, jasho likinitoka, nikawasha. Fremu 26. Si 27, Mhariri. Ishirini na sita zile zile.

Ndipo nikafanya jambo ambalo mwanafunzi wangu asipolifanya mapema ningemgombeza: nikachukua karatasi nikapiga hesabu. 1920 mara 1080 ni pikseli 2,073,600. Skrini ya 4K ni 3840 mara 2160, yaani 8,294,400. Mara nne kamili, bila baki. Mimi nilidhani nimeongeza inchi tatu, kumbe nimeitwika kadi yangu mzigo wa kadi nne. Kuna na ile ya 2560 kwa 1440, ambayo wengi huiona kama iko katikati ya hizo mbili. Haiko. Ina pikseli 3,686,400, chini ya mara mbili ya ile ndogo na chini ya nusu ya 4K. Ningeijua hesabu hiyo siku ile dukani, ningeishia kwayo.

Na prosesa? Prosesa haina habari na pikseli. Kazi yake ni kukokotoa gari langu liko wapi, tairi limeshika barabara kiasi gani, wale wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta wanakusudia kunipita upande gani, kisha kuiagiza kadi ichore. Hesabu hizo ni zile zile, uwe na skrini ya kiganja au ya ukuta mzima. Anayepaka rangi pikseli moja moja ni kadi. Kwa hiyo mimi nilimwongezea nguvu mtoa maagizo, hali mchoraji ndiye aliyekuwa hoi.

Mjukuu alikuja Jumapili, akasikiliza kisa chote, akasema, "Babu, mbona hukushusha pikseli kwenye mipangilio ya gemu ukaona?" Tukashusha hadi 1920 kwa 1080. Fremu zikapanda mpaka 95. Kipimo cha dakika mbili, hakina gharama, na kingeniokoa na prosesa na madabodi. Ukishusha pikseli fremu zikapanda, kadi ndiyo iliyoelemewa. Ukishusha zisipande, tazama prosesa.

Fremu zisizopanda nilikuja kuziona kwa mpwa wangu. Yeye ana skrini ndogo ya pikseli 1920 kwa 1080, lakini ya hezi 144, yaani inaweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Aliona kadi kubwa kwenye orodha fulani akaipenda, akaipachika kwenye kompyuta yenye prosesa ya miaka mingi. Fremu 70. Akipunguza vivuli, 70. Akizima kila pambo, 70. Kadi ilikuwa inatumika kwa nusu tu ya uwezo wake, imekaa inangoja kuagizwa. Skrini ya hezi 60 humpa prosesa karibu milisekunde 17 za kuandaa kila fremu. Ya hezi 144 humpa chini ya 7. Kwa skrini kama yake, fedha nyingi zingekwenda kwenye prosesa, na kadi ya wastani ingetosha. (Isitoshe, tulipochungulia mipangilio ya Windows tukakuta skrini yenyewe ilikuwa bado imewekwa hezi 60, tangu siku aliyoitoa kwenye boksi. Tuliibadilisha kimya kimya, maana alikuwa amekwisha kuwaonyesha rafiki zake tofauti.)

Kwa hiyo orodha moja kwa wasomaji wote haiwezekani. Kadi ile ile mliyoiita "bora" ni kubwa mno kwa mmoja na ni ndogo kwa mwingine, na kinachoamua ni kile kioo kilicho mezani. Hata memori ya kadi hufuata mkondo huo: gigabaiti 8 bado zinajikongoja kwenye pikseli 1920 kwa 1080, lakini kwenye 4K gemu nyingi mpya huzijaza, na zikishajaa picha hukwamakwama hata kama kadi yenyewe ina mbio. Mimi kwa 4K leo singenunua yenye chini ya 16.

Wapo watakaosema siku hizi kuna programu za kukuza picha, DLSS ya NVIDIA tangu 2018, FSR ya AMD tangu 2021, XeSS ya Intel tangu 2022, kwa hiyo pikseli si hoja tena. Ninaitumia FSR, siidharau. Nikiiweka kwenye daraja la kupendelea kasi, kadi huchora pikseli 1920 kwa 1080 tu, halafu picha hukuzwa ijae 4K. Nyaya za uzio kwa mbali humeremeta kidogo, lakini napata fremu 70 na ushee. Ila angalieni kilichotokea: kadi ilipopunguziwa mzigo, prosesa ikarudi kuwa na maana. Ile niliyoinunua kwa kukosea sasa ina kazi zaidi: kuandaa fremu 70 na ushee badala ya 26. Kwa hiyo swali limebaki pale pale, limeongezewa tu jingine: kadi inachora pikseli ngapi kabla ya kukuza?

Siku ya kwanza ya FSR, namba zilisoma 70 lakini macho yangu yaliona kama 30. Tulihangaika jioni nzima. Skrini yangu ina matundu mawili ya HDMI, ya kuchomekea waya wa picha, na moja ni la toleo la 1.4, ambalo kwa 4K huishia hezi 30. Waya ulikuwa hapo. Hilo nalo halikuwemo kwenye orodha yenu.

Ombi langu, Mhariri: mtakapoichapisha tena, mstari wa kwanza uwe wa skrini, na uwe na namba mbili, pikseli na hezi. Prosesa na kadi zije chini yake, kila moja na skrini inayoifaa. Kama nafasi ya gazeti ni finyu, futeni ule mstari wa taa za rangi ndani ya kasha.

Mwalimu mstaafu, msomaji wenu wa kila Jumamosi