Grateni ya birayi haiombi furu

Muhariri, jambo sana.

Ukurasa yenu ya mapishi ya juzi ilinifurahisha mpaka pale munasema grateni ya birayi (viazi vya kukata nyembamba, kupanga safu safu na kupika na maziwa ao kremu) lazima ipikwe ndani ya furu (oveni) ya digri 180, tena na kremu ya supamarketi. Sasa munaandikia nani? Bamama wangapi hapa Goma beko na furu, na wenye beko nayo umeme ukienda wafanye nini? Mbabula, jiko ya makala (mkaa), ndiyo iko kila nyumba.

Na kremu si lazima. Birayi inashuka toka Kibumba na Masisi, maziwa iko, na ile fromaji (jibini) ya Masisi ya mviringo inayeyuka muzuri kuliko ya paketi (kwa hiyo sibishani na mutu).

Mi nachukua birayi kilo moja na nusu, naimenya, naiosha, kisha nakata nyembamba kama milimita 3, na ni hapa wengi wanaharibu juu wakimaliza kukata wanairudisha tena kwa maji. Hapana! Ule unga mweupe wenye kunata kwa kisu ndio utafanya maziwa iwe nzito. Unapakaa siagi ndani ya sufuria nzito, unasugua tunguu saumu, unapanga birayi ikilaliana kama mabati ya nyumba, chumvi kidogo kila safu, pilipili manga, kitunguu, halafu nyama ya kusaga yenye umeshakaanga mpaka maji yake iishe, la sivyo utakula supu, kisha birayi tena mpaka juu. Maziwa ya moto kama nusu lita, imwagike polepole iishie chini kidogo ya safu ya mwisho. Fromaji ingoje kwanza.

Makala ikuwe kidogo, juu maziwa ikitokota kwa nguvu inakatika. Funika, acha kama saa moja, choma kisu katikati, kikipita bila kusukuma ndio unaweka fromaji, unafunika na bati safi, unatoa makala mingi chini unaipandisha juu ya bati, na dakika 15 hivi majirani wanaanza kuuliza unapika nini. Mbabula ikae inje lakini, gesi ya makala inaua.

Najua kuna wa kusema hiyo si grateni ya kweli. Hata kule Dauphiné, Ufaransa, kwenye jina lake linajulikana kwa maandishi tangu 1788, wanabishana mpaka leo kama fromaji inaingia ao hapana, basi mi wa Goma munanibana na nini?

Mara ingine mutupimie kwa glasi na kijiko, na muandike moto wa mbabula pia. Na kama kuna mama wa Bukavu mwenye anaweka sambaza, vile visamaki vya ziwa, katikati pahali pa nyama, atuambie kama anazikaanga kwanza ao zinaingia mbichi.

Mama wa Katindo, Goma