Jumamosi: Van Gogh, Amsterdam

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi tukutane saa nne na nusu asubuhi mlangoni pa Van Gogh Museum. Tiketi zetu ni za saa tano kamili, tusichelewe tafadhali.

Ombi langu: mkifika kwenye mchoro wa Van Gogh wa shamba la ngano lenye kunguru, wa Julai 1890, msiutazame kwa mbele tu. Simameni ubavuni. Rangi imepakwa nzito hadi ina matuta, na kutoka pembeni unaona kila mfuo wa brashi, wapi mkono ulikimbia na wapi ulikandamiza. Kwenye simu hayo hayaonekani kabisa. Mara ya kwanza nilishindwa kuondoka pale.

Watoto tuwashike mikono, wasiguse. Ambaye hajathibitisha aandike hapa leo.